Kilomita Zinaisha, Ugali Hauishi

Mtu akikwambia atafika saa ngapi, mwitikie kwa adabu, halafu usifunge chakula kwa maneno hayo. Saa ni maneno ya dereva. Wewe muulize anakwenda wapi, njia ina milima gani, mvua imenyesha au haijanyesha, na dereva anaitwa nani. Ukishayajua hayo, washa moto.

Nawaambia ninyi wajukuu zangu mnaouza pale stendi, mnaotia kitu cha moto kwenye mfuko wa nailoni kikatoka jasho kabla basi halijatoka getini. Mimi ni Gaudensia, Mama Furushi. Nimefunga vyakula vya wasafiri hapa Sumbawanga tangu enzi za watu kusafiri juu ya magunia kwenye malori, mpaka magoti yangu yalipogoma. Shule nilifika darasa la pili, na hilo la pili nilikaa karibu na dirisha, nikasoma zaidi mambo ya nje.

Aliyenifundisha kazi ni Skolastika wa Pito, mjane mrefu, mkali, aliyekuwa akionja chumvi kwa kunusa. Huyo alikuwa na mafurushi mawili kwa kila msafiri. Furushi la njia, na furushi la kufikia. La njia liishie njiani. Ukifika kwa mwenyeji wako na bonge la ugali kwenye mfuko, umemwambia mbele ya watoto wake kwamba nyumbani kwake hakuna chakula. La kufikia lisiguswe hata njaa ikutoe machozi, maana hilo si lako, ni la mwenyeji. Msafiri akirudi, Skolastika hakumuuliza habari za huko. Alimuuliza, "Kiliishia wapi?" Jibu alilolipenda lilikuwa moja tu: "Kiliisha tulipoanza kuona mabati ya mji." Hapo alicheka, na Skolastika hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu mara ya kwanza.

Washenga watatu walikuwa wanateremka bondeni, kwenda Ilemba kuposa. Mkubwa wao ni mzee Ferdinandi, mtu wa tumbo na maneno mengi. Dereva alikuwa Pius, na Pius akaniambia, "Jioni tupo Ilemba, dada. Funga kidogo, gari lisilemewe." Nami nilikuwa msichana, na Pius alikuwa na meno mazuri. Nikafunga kidogo. Furushi la njia la mlo mmoja, na furushi la kufikia la jogoo mzima wa kukaanga, zawadi ya mama mkwe.

Lori lilizama kwenye tope chini ya mlima. Jioni ikapita, kesho yake ikaja, lori limo. Ferdinandi akawaambia wenzake, "Tumguse mguu mmoja tu. Tutamgeuza, upande huo hautaonekana." Wakala mguu mmoja. Baadaye mvua ikarudi, wakasema huyu jogoo kukaa na mguu mmoja ni kumdhalilisha, bora wamsawazishe. Wakala wa pili.

Walipofika ukweni, Bibi Oliva, mama wa binti, akafungua furushi mbele ya ukoo mzima. Akamtazama jogoo. Akamtazama Ferdinandi.

"Huyu kaja anatambaa?"

Ferdinandi akavua kofia. "Njia ilikuwa mbaya, mama."

"Naona imemkata miguu. Na huyo bwana harusi wenu, yeye anayo? Mleteni mwenyewe, atembee hapa uani nimwone."

Ikabidi bwana harusi ateremke kutoka mjini, atembezwe uani kwenda na kurudi, watoto wakipiga makofi. Binti alipatikana, ndoa ipo mpaka leo, wana wajukuu. Lakini katika ukoo ule mtoto akichelewa kutambaa au kusimama bado wanamtaja jogoo wangu.

Nilidhani Skolastika atanipiga. Hakunipiga. Alisema, "Pius kakudanganya saa, sawa. Na mlima je? Mlima ulikuwepo jana, upo leo. Kwa nini hukuuliza mlima?"

Tangu siku hiyo nikawa nauliza mlima. Na mlima, wajukuu, una siri ambayo walimu wenu hawawafundishi: njia ni ileile, lakini safari si ileile. Kuteremka kwenda Milepa lori lilitumia nusu siku. Kupanda kutoka Milepa kuja hapa lilitumia siku nzima na kelele. Kwa hiyo anayeshuka njia kavu mfungie kidogo, anayepanda mfungie mara mbili.

Nikaanza pia kupima madereva. Reuben alikuwa mwanakwaya, akiimba hakumbuki breki. Huyo bonge moja linatosha. Hamisi wa Kirando alisimama kuswali tu, na abiria wakapata nafasi ya kuchimba dawa bila kukimbizwa. Pius, yule wa meno, alikuwa na mchumba Laela, mwingine Tunduma, mwingine sehemu ambayo sitaitaja kwa kuwa mumewe bado hai. Kwa kila mchumba niliongeza bonge. Abiria walinishukuru, ila hawakujua wanashukuru kwa ajili ya nani.

Kuhusu kupika, nasema mara moja. Ugali wa safari ni wa ulezi. Wa mahindi unakauka ukapasuka kama kisigino. Wa ulezi unajishika. Songa mgumu, mpaka mwiko ulalamike. Ukiutoa, uache upoe wazi kabisa, usifunike, ndipo uufunge kwenye jani la mgomba na kitambaa kikavu juu. Samaki ni mgebuka aliyekaushwa kwa moshi, chumvi ya kutosha. Mayai ya kuchemsha msifunge. Mtu mmoja akimenya yai ndani ya gari, watu hamsini wanatazamana.

Halafu ikaja lami. Jamani, lami! Kila mtu alishangilia, mimi nilikaa kwenye kigoda changu nikaona kazi inakufa. Mtu anafunga mlo wa siku mbili, anafika kabla hajasikia njaa. Mwalimu Bosko alikwenda Iringa kwa dada yake, akaingia na nusu furushi. Dada yake akaupokea ule ugali, akauweka katikati ya meza, akaketi. "Haya kaka, tukaribishe." Hakupika siku hiyo wala kesho yake. Bosko aliporudi alinipita stendi bila salamu. Ilinichukua masika mazima kujifunza upya. Mwisho nikaipata: kutoka hapa mpaka Dar kwa basi ni mabonge manne. Sikuwahi kukosea tena.

Sasa cheka mjukuu wangu, nimekupa ruhusa: mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuvuka Mbeya. Safari za watu zote nilizijua kwa tumbo, yangu hakuna. Mpaka Emeriana alipopiga simu.

Emeriana ndiye kitindamimba wangu. Anaishi Guangzhou, Uchina, na mumewe Deogratias. Wananunua vipuri vya pikipiki na kuvituma huku. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unakula?"

Akaniuliza kama mvua zimeanza huku. Mama akimuuliza mwanawe kama anakula, mwana akauliza habari za mvua, jibu amelipata.

"Kuna kila kitu huku mama. Ila kinywa hakitaki. Maziwa hayatoshi, mtoto analia." Nikamsikia mtoto nyuma yake, sauti nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta. "Nataka ugali wa ulezi, mama. Ule wako mgumu. Na mgebuka."

Deogratias akatuma tiketi. Mambo ya pasipoti alihangaika nayo Leokadia, mjukuu wangu mwenye saluni ya kusuka pale karibu na soko, msichana anayeongea na simu zaidi kuliko na watu. Jioni moja nikamketisha.

"Leokadia, kutoka Dar mpaka kwa shangazi yako ni mbali gani?"

Akagusa-gusa simu. "Kilomita elfu nane na mia saba hivi, bibi. Hapo ni kwa kunyoosha angani."

"Na hapa mpaka Dar?"

"Elfu moja na mia moja na kitu, kwa barabara."

Nikahesabu kwa vidole, vikaisha, nikaanza tena. "Mara saba na zaidi!"

"Lakini bibi, ni saa kumi tu. Poa kabisa. Unapanda saa kumi na moja jioni, unashuka saa mbili asubuhi."

Nikamtazama. "Saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili asubuhi ndiyo saa kumi?"

"Ni mambo ya jua, bibi. Kule linatangulia."

Nikajisemea moyoni: haya, wameanza. Nimeyasikia ya tope, ya pancha, ya mchumba wa Laela. La jua lilikuwa jipya, lakini nilimtambua Pius ndani yake.

"Na hiyo ndege inapanda?"

"Inapanda, eeh. Kilomita kama kumi kwenda juu."

"Juu kuliko mlima wetu wa Lyamba lya Mfipa?"

"Bibi! Hata usilinganishe."

Basi nikapiga hesabu kama fundi. Mpaka Dar mabonge manne. Mara saba na zaidi, mabonge thelathini. Na kwa kuwa ni safari ya kupanda, nikaongeza mawili, kwa huruma. Kwa haki ilikuwa niongeze mara mbili. Leokadia alinikuta jikoni katikati ya majani ya mgomba, akashika kiuno.

"Bibi, humo ndani wanagawa chakula!"

"Nani kapika?"

"Sijui nani kapika!"

"Basi."

Furushi la kufikia nililifunga kwa mikono iliyonawa mara mbili. Unga wa ulezi niliousaga mwenyewe, wa uji na wa ugali, migebuka mikubwa kutoka Kirando, na chumvi. Hilo ndilo lililokuwa safari yenyewe. Mimi nilikuwa mbebaji tu. Kila niliposonga ugali wa njia nilikuwa nasikia ule mlango usiotiwa mafuta.

Basi la Dar halikuniaibisha. Bonge la nne liliisha tulipoanza kuona mabati ya Kibaha. Nikatamani Skolastika angekuwa hai aniulize.

Uwanjani, begi kubwa lenye furushi la kufikia wakalichukua, likaenda tumboni mwa ndege. Kikapu cha furushi la njia nikabaki nacho. Msichana wa kaunta akakipima, akashika mdomo.

"Mama, hiki ni kizito mno. Punguza nusu."

"Nipunguze kilomita zipi?"

Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Ndipo mtu mmoja Mchina, wa makamo, mikono mitupu kabisa, akasogea. "Shikamoo bibi. Nusu mzigo nipe mimi." Alikifungua kikapu mbele ya yule msichana, akanusa, akatabasamu kama mtu aliyeona picha ya zamani. Jina lake Chen. Kazini, aliniambia, walimwita Juma. Kiswahili chake alikiokota kwenye ujenzi, kila kitu alikiita mzigo na kila mtu fundi. Viti vyetu vikawa jirani.

Mlangoni pa ndege nikamsimamisha binti wa sare. "Mwanangu, dereva nani?"

Akacheka. "Anaitwa kapteni Faraja, mama."

"Ana mazoea ya kusimama njiani?"

"Hatusimami popote, mama."

"Hata kuchimba dawa?"

"Choo kipo ndani."

Nikaketi. Sikupenda. Dereva asiyesimama popote ni dereva ambaye huna pa kumpimia.

Mbele ya kila kiti kuna kioo kama televisheni. Chen akagusa changu, ikatokea ramani na ndege ndogo juu yake, na chini namba. "Hizi kilomita zimebaki," akasema. Namba nazijua. Nikaziona zikishuka. Jamani, zilishuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka! Nilikuwa na bonge la kwanza mkononi, mgebuka haujafunguliwa vizuri, na zilikwisha kupita kilomita za hapa mpaka Tunduma. Nilipomaliza lile bonge, nikatazama tena. Tungekuwa barabarani, tungekuwa tunaiacha Mbeya nyuma.

Hapo ndipo jasho liliponitoka. Nilikuwa na mabonge thelathini na moja, na dereva anakimbia kuliko Reuben akiwa kwenye pambio.

Binti wa sare akaja na kigari. "Kuku au samaki, mama?"

"Usinitie majaribuni. Nina kazi."

Chen akauliza kazi gani. Nikamweleza: la njia liishe njiani, nisifike kwa mwanangu na ugali nikamtukana mbele ya mumewe. Akasikiliza kwa makini kama anapewa vipimo. "Fundi," akasema, "huu mzigo mkubwa, mtu mmoja hawezi. Inatakiwa wafanyakazi."

"Wewe umefanya kazi wapi kwetu?"

"Barabara. Nilikaa Laela. Nilimwaga lami."

Nikamgeukia mzima mzima. "Ni wewe!"

"Mimi nini?"

"Ni wewe uliyetaka kuniua njaa! Lami yako iliniharibia mabonge masika mazima!" Nikamwekea matatu mapajani. "Kula. Hiyo ndiyo adhabu yako."

Akala yote matatu. Aliunyofoa ugali kwa vidole, akaubonyeza shimo kwa dole gumba, akachota mgebuka kama aliyezaliwa Kirando. Watu wakageuka. Harufu ya mgebuka, ninyi mnaijua, haiombi ruhusa. Mama mmoja wa kiti cha nyuma, mfanyabiashara wa Kariakoo, akapaza sauti, "Jamani nani kafungua samaki?" Nikampa bonge. Akamega, akatafuna, halafu sauti ikarudi ndogo, "Pilipili huna?"

Basi nikafanya kama stendi. Chen akasimama kwenye njia akipokezana nami: huyu bonge, yule bonge, nusu kwa wale wawili wanaoona haya. Binti wa sare akaja kutukataza, akaulizwa kwao wapi, akasema Mpanda, akaondoka na la kwake kwenye leso. Kila baada ya bonge nilikitazama kile kioo. Kilomita zinaisha, ugali hauishi. Elfu tatu, mabonge kumi na mawili. Elfu mbili, watu wamelala na matumbo yao. Nikajaribu kumwamsha yule mama wa Kariakoo, akaniambia bila kufumbua macho, "Mama, niue kesho."

Tulipoanza kushuka nilikuwa nimebakiwa na bonge moja. Nilishiba mpaka kope. Nikalitazama, likanitazama. Dirishani nikaona paa za Guangzhou, nyingi kuliko mahindi. Nikajitahidi nikaling'ata, kinywa kikakataa. Nikalirudisha kikapuni nikalifunika na kitenge.

Ndege ikatua. Ukutani kuna saa. Saa mbili asubuhi, kama tiketi ilivyosema.

"Chen! Saa kumi walisema! Hizi ni saa kumi na tano!"

"Hapana fundi. Saa kumi. Huku jua linatangulia."

Nilimpenda, lakini naye walikwisha kumlisha maneno.

Tukafika mahali wanapokagua mizigo. Askari mmoja kijana, glavu mkononi, akafungua begi langu kubwa. Akatoa furushi la kufikia. Akafungua fundo nililolifunga mwenyewe. Akatoa migebuka, mmoja mmoja, akaipanga mezani. Akatoa unga, akausugua kwenye vidole. Akaongea na Chen kwa muda mrefu, na uso wa Chen ukaanza kuwa mrefu pia.

"Fundi," akasema polepole. "Samaki haingii. Unga wa nyumbani, hauna karatasi, haingii. Ni sheria. Kwa watu wote."

Niliwaambia, wajukuu, kwamba mimi nilikuwa mbebaji tu. Basi safari yenyewe ndiyo hiyo, imepangwa mezani. Nikamwambia Chen amwambie kijana wa watu kwamba kuna mama amejifungua, hali chakula, mtoto analia. Kwamba migebuka ameivua Hamisi mdogo, mtoto wa yule Hamisi dereva. Kwamba ulezi nimeuchambua mawe punje kwa punje na macho haya. Chen akasema yote, sikumwona akiruka neno. Kijana akasikiliza, akainamisha kichwa kwa heshima, akavuta vyote akavitia kwenye pipa. Hakuwa na ubaya. Alikuwa kazini.

Kisha akainua kitenge kwenye kikapu, akatoa lile bonge.

"Anauliza hiki nini," akasema Chen.

"Mwambie ni aibu yangu."

Chen akanitazama, akamwambia. Sijui alitumia neno gani. Kijana akaligeuza, jani likafunguka, akaona alama ya meno yangu. Akaita mwenzake. Wakaligonga mezani, likalia ko! Wakazungumza. Mwishowe akanirudishia kwa mikono miwili, akaonyesha ishara ya kupeleka mkono kinywani, nile. Nikamega kipande nikatafuna mbele yao, ingawa tumbo lilikuwa linanilaani. Wakacheka, wakaniachia njia.

Deogratias alinipokea, akanipeleka nyumbani, ghorofa ya juu kabisa, kama vile nilikuwa sijapanda vya kutosha. Emeriana alikuwa kitandani. Mwanangu amekuwa shingo na macho. Mtoto mikononi mwake analia ile sauti. Akanikumbatia, halafu akatazama nyuma yangu, kama watazamavyo watu wote wa kwetu, kutafuta furushi.

"Wamelichukua," nikasema. "Samaki, unga, lote. Limeishia pale."

Alitikisa kichwa, akalala, akageukia ukutani. Nikaona ni afadhali angelia.

Kikapu nilikuwa nimekificha nyuma ya mlango, maana aibu mbili siku moja ni nyingi. Lakini ulezi nao una harufu yake, ya jivu na mvua. Nikaona mabega ya Emeriana yakitulia. Akageuka.

"Mama. Kuna nini kwenye kikapu?"

"Hakuna kitu."

"Mama."

Deogratias akakileta. Emeriana akafunua kitenge, akaona jani la mgomba, akaona bonge, limemegwa. Mwanangu huyu alikulia kwenye kigoda changu, sheria za Skolastika anazijua kabla ya sala. Akaniinulia macho, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, nikaona lile jino lake la pembeni.

"Umeingia nyumbani kwangu na ugali wa njia? Kwa hiyo kwangu hakuna chakula, eti?"

"Hakuna," nikasema. "Kula."

Akacheka mpaka mtoto akanyamaza kwa mshangao. Akamega. Ulikuwa baridi, wa siku nyingi, mgumu kama alivyoutaka. Hakuna mgebuka, hakuna hata chumvi ya pembeni. Alikula akifumba macho, akala na pale palipo na meno yangu, akalamba jani. Halafu akaomba maji, halafu akasema Deogratias apashe moto ule wali na mboga zilizokuwa zimekaa tangu jana. Akala na huo. Kabla jua lao lililotangulia halijafika katikati, mtoto alikuwa kifuani, kimya, anameza kwa sauti kama mtu mzima. Mtoto huyo anaitwa Skolastika. Hawakuniuliza, walimpa tu.

Nilikaa kwao mpaka mtoto akajua kucheka, kisha nikarudi. Na hapa ndipo nataka Leokadia anyamaze: kurudi, niliondoka Guangzhou saa nne asubuhi, nikatua Dar saa tisa alasiri siku ileile. Hesabuni wenyewe. Kwenda ni kupanda, kurudi ni kuteremka, kama Milepa na hapa. Leokadia ananichorea machungwa na tochi kuhusu jua. Namwacha achore. Nilifunga chakula cha kuteremka, kikaisha mapema mno, nikala kuku wao, nikala na samaki wao, nikamwomba jirani mkate wake.

Siku hizi sifungi sana, magoti. Lakini wasafiri wanaojua bado wanapita nyumbani alfajiri kabla ya basi. Nawauliza mlima, nawauliza dereva, nawafungia mafurushi mawili. Na kwenye la njia, juu ya hesabu, naweka bonge moja lisilo na kilomita, na habari yake stendi nzima wanaijua. Skolastika wa Pito angenichapa. Juzi kijana mmoja anayekwenda kwa dada yake alipokea mafurushi yake, akayapima mkononi, akasimama mlangoni hataki kuondoka.

"Nini tena?"

"Bibi," akasema, "aibu yangu umeiweka?"